Treni ya mbao kwa mtoto wa Rodi Kopany: mbao ipi, rangi ipi, na nini cha kumwambia fundi

Reli haijafika Rodi Kopany. Soko hili la njia panda katika kaunti ya Homa Bay, pale barabara ya Rongo kwenda Homa Bay inapokutana na ile ya Ndhiwa, hufikiwa kwa matatu, kwa bodaboda na kwa malori. Gari la moshi la karibu liko Kisumu, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, mwisho wa reli ile ile iliyoanza kutandazwa kutoka kwetu Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901. Kuanzia hapo mizigo ya Nyanza Kusini ilipanda meli. Basi mtoto wa Rodi huijua treni kwa picha ya kitabu cha chekechea, kwa katuni ya simu, au kwa kichezeo cha mbao alicholetewa na shangazi aliyetoka Pwani.

Kichezeo hicho ndicho tunachokizungumzia. Wasomaji wetu wengi wana ndugu, wakwe na wajukuu huko bara, na likizo ikikaribia kila mtu hujiuliza atambebea mtoto nini. Treni ya mbao ni zawadi nzuri. Haitaki betri, haivunjiki siku ya kwanza, na mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuichezea pamoja na kaka yake wa miaka mitano. Lakini ni kitu kitakachoingia kinywani. Wanunuzi wengi huikagua treni kwa macho, ilhali mtoto ataikagua kwa ulimi na meno.

Rangi kwanza

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa treni hizi mambo ni kinyume: kipande cha mti hakina neno, hatari iko kwenye uzuri wa nje.

Kwa miaka mingi viwanda vya rangi vimetumia madini ya risasi ili rangi ing'ae, ikauke upesi na idumu. Nyekundu, manjano na rangi ya chungwa ndizo za kutiliwa shaka zaidi, na ndizo hasa watengenezaji wa vichezeo wanazozipenda. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Madhara yake huenda kwenye ubongo: mtoto anachelewa kusema, anashindwa kutulia darasani, anakosa damu. Hakuna homa wala upele wa kukuonya. Mzazi ataambiwa mtoto wake mzito wa kuelewa, na hakuna atakayeikumbuka treni nyekundu aliyokuwa akiitafuna.

Watu wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa habari za risasi. Tunaijua Owino Uhuru, kitongoji kilichokaa ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi katika damu, aliongoza mapambano hayo na kupewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Kule sumu ilitoka kwenye moshi na maji machafu, na kwa wingi usiolinganishwa na mkwaruzo wa rangi ya kichezeo. Lakini madini ni yale yale, na mwili wa mtoto ni ule ule.

Wala tusidhani ni shida ya vitu vya bei ya kutupa peke yake. Juni 2007, kampuni ya RC2 ya Marekani ilirudisha treni za mbao za Thomas & Friends zipatazo milioni moja na nusu, zilizotengenezwa Uchina, baada ya risasi kupatikana katika rangi zake. Mmojawapo alikuwa James, yule mwekundu. Hizo zilikuwa treni za dukani, ndani ya boksi zuri, za jina ambalo watoto wa dunia nzima wanalijua. Kichezeo cha mbao hakiozi haraka. Kinarithiwa, kinauzwa, kinaingia katika mitumba, kinavuka bahari. Ukikuta treni ya zamani yenye rangi katika fungu la vichezeo Kongowea au soko lolote, na hujui ilitengenezwa lini wala wapi, iache. Ikiwa rangi imeanza kubanduka, iache hata ukipewa bure.

Kenya imeweka kikomo cha risasi katika rangi: sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja. Ni kikomo kizuri, lakini kinamlinda mtoto pale tu rangi iliyotumika ni ile ya kopo jipya la kampuni inayofuata sheria. Fundi wa njia panda mara nyingi hupaka alichobakiwa nacho: rangi ya geti aliyoimaliza jana, rangi ya gari kutoka kwa jirani mnyoosha bodi, hata ile ya manjano ya kuchorea barabara. Si ubaya wa moyo, ni kutotaka kutupa mali. Hakuna jicho linaloweza kuiona risasi, wala pua ya kuinusa.

Kwa hiyo rai yangu ni fupi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, treni isipakwe rangi kabisa. Mbao iachwe na sura yake, isuguliwe kwa msasa, ipakwe mafuta na nta. Nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nazi sehemu tatu, viyeyushwe pamoja katika sufuria iliyowekwa juu ya maji ya moto, vipakwe kwa kitambaa na kufutwa. Mafuta ya nazi peke yake hayakauki na baadaye huanza kunuka; nta ndiyo inayoyashika. Mafuta ya kitani ya dukani yaangalie vizuri, kwa sababu yale yanayoitwa ya kuchemshwa kwa kawaida hutiwa madini ya kuharakisha kukauka.

Mtu akitaka mapambo, madirisha na namba za mabehewa yanaweza kuchomwa kwa chuma cha moto, na yanapendeza kuliko rangi. Hina safi ya majani nayo huacha kahawia nzuri kwenye mbao nyeupe. Piko usiiguse: ni dawa ya nywele yenye kemikali kali, na ngozi za wanawake wetu zimeshaonja moto wake.

Kinachokaba na kinachomezwa

Vipimo vya kimataifa vya vichezeo vya watoto wa chini ya miaka mitatu hutumia kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7. Kipande chochote kinachoingia chote humo, bila kukandamizwa, kinaweza kumkaba mtoto. Wazungu hushauri kutumia kile kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana zaidi kidogo na hivyo ni salama zaidi. Kwa sisi tutumiao maji, nyumba nyingi hazina hata kimoja. Chukua kizibo cha chuma cha chupa ya soda: upana wake unakaribia kipimo hicho. Gurudumu, bomba la moshi, dereva mdogo wa mbao, chochote kinacholingana na kizibo au kilicho kidogo kuliko kizibo hakifai. Mimi ningependa gurudumu lisipungue sentimita tano. Katika ua wa udongo, kama zilivyo nyua nyingi za Rodi, gurudumu kubwa lina faida nyingine: linatembea. Treni ya magurudumu madogo imetengenezwa kwa sakafu ya marumaru.

Ukubwa hautoshi kama kitu kinang'oka. Kipimo cha Ulaya huvuta kila sehemu ya kichezeo kwa nguvu ya nyutoni 90, ambayo ni kama uzito wa kilo tisa. Hilo unaweza kulifanya nyumbani: funga kamba kwenye gurudumu, ning'iniza dumu lenye lita tisa za maji, taratibu bila kulidondosha. Kisha iangushe treni kwenye saruji mara tano kutoka urefu wa sentimita 85, yaani karibu kimo cha meza. Ikipasuka, ikitoa kibanzi au ikilegea, irudishe kwa fundi. Afadhali ivunjike mikononi mwako.

Sumaku ni jambo la peke yake. Treni nyingi za kiwandani huunganisha mabehewa kwa sumaku ndogo za duara. Mtoto akimeza moja, pengine itapita. Akimeza mbili, zitatafutana ndani ya tumbo, zibane ukuta wa utumbo katikati na kuutoboa. Ukinunua treni ya namna hiyo, hakikisha sumaku imezamishwa ndani ya mbao au plastiki na haichezi ukiigusa kwa ukucha. Betri za kidonge, zile bapa kama sarafu zinazowekwa katika kichwa cha treni ili kipige honi, ni mbaya zaidi: ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Kutoka Rodi hadi hospitali kubwa, usiku, saa mbili si nyingi. Treni inayopiga honi yenyewe mwachieni mtoto mkubwa, na mlango wa betri uwe wa kufungwa kwa parafujo.

Kamba ya kuvutia nayo isizidi shibiri moja, sentimita 22 hivi, kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ikiwa ndefu itamzunguka shingoni. Wengi watasema shibiri moja haitoshi kuvutia. Ni kweli, ndiyo maana kwa mtoto wa umri huo treni ya kusukuma ni bora kuliko ya kuvuta.

Kumwagiza fundi

Rodi Kopany, kama soko lolote la njia panda, si mahali pa maduka makubwa ya vichezeo. Lakini mahali panapotengenezwa vitanda na milango panaweza kutengenezwa treni, na kwa mtoto mdogo naona hiyo ndiyo njia bora kuliko kubeba boksi kutoka Mombasa. Sharti umwagize fundi kwa maneno yaliyo wazi, maana ukimwambia tu "nitengenezee treni ya mtoto" atakutengenezea ya kupendeza, yenye misumari na rangi tatu.

Anza na mbao. Mti wa siala, kama Wajaluo wanavyouita, umezoeleka sana Nyanza: hukua mipakani mwa mashamba, na mbao yake hutumika kwa samani na mipini ya zana. Unasuguka vizuri na haupasuki ovyo. Mjakaranda ni laini na mwepesi, na wepesi si jambo dogo, kwa sababu watoto hurushiana vichezeo. Huku kwetu mwembe unafaa. Mwarobaini ndio mti ambao wachongaji wengi wa Pwani wameuhamia baada ya muhugu na mpingo kuadimika, na vinyago vyake vinadumu. Lakini kwa mtoto ambaye bado anatafuna kila kitu ningechagua mti usio mchungu. Mvule na msaji vumbi lake huwasha, na ni ghali bure kwa kazi hii. Msonobari na saipresi zinapatikana kila mahali na ni rahisi, ila zina mafundo yanayotoa utomvu na huacha vibanzi. Fundi akiwa na hizo tu, achague kipande kisicho na fundo, na msasa uongezwe.

Muhimu kuliko jina la mti ni historia ya ubao. Nguzo na mbao zenye rangi ya kijani hafifu mara nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, kromi na aseniki. Ni nzuri kwa ua, haramu kwa kinywa. Paleti za bandarini, ambazo mafundi wa Mombasa huzipenda kwa kuwa mbao zake zimekauka, zina mhuri uliochomwa ubavuni wenye alama ya suke la ngano. Ukiona herufi HT, mbao ilipashwa moto tu. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, isitumike. Hata ile ya HT hujui imebeba nini safarini, kwa hiyo paleti yenye madoa ya mafuta au kemikali iachwe ikaangue kuku.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa haya: "Fundi, nataka mbao iliyokauka, isiyotiwa dawa. Usipige msumari hata mmoja. Ekseli iwe ya mti, uingize kwa gundi nyeupe ya mbao, na magurudumu yazunguke. Kona zote uzivunje ziwe mviringo. Na rangi usipake." Ubao mbichi ukitumika, utasinyaa na ekseli italegea baada ya miezi miwili, wakati ambapo wewe umesharudi Mombasa na hakuna anayeikagua. Msasa uanze mkali na kumalizia laini. Mwisho ipanguse kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, iache ikauke, isugue tena. Kisha ipitishe soksi ya nailoni juu yake. Ikinasa mahali, pana kibanzi.

Pia tazama nafasi kati ya gurudumu na bodi. Iwe finyu kiasi kwamba kidole cha mtoto hakiingii, au pana kiasi kwamba kinaingia na kutoka bila kubanwa. Ya katikati ndiyo inayobana.

Sura ya kichwa cha treni msiibishanie. Haina haja ya kufanana na ile ya SGR. Mtoto wa huko, msimu wa kuvuna, huona matrekta yakivuta matela ya miwa kwenda kiwandani Ndhiwa au Awendo, na usishangae akiitazama treni yako ya gharama na kuiita trekta. Ni mpangilio ule ule: kimoja kinavuta, vingine vinafuata.

Umri, na habari ya reli

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu, kipande kimoja chenye magurudumu manne kinatosha. Mabehewa ya kuunganisha hayamsaidii. Akikaribia miaka miwili, mpe kichwa na mabehewa mawili yenye ndoano ya mti inayoingia katika tundu. Kuunganisha na kuachanisha ndiko kutakakomshughulisha, zaidi ya treni yenyewe. Reli za mbao zenye mifereji ni za miaka mitatu kwenda juu. Muundo huo ulienezwa na kampuni ya BRIO ya Uswidi, iliyoanza kuuza reli zake za mbao mwaka 1958, na leo kampuni nyingi hufuata kipimo kile kile cha ubao wenye upana wa milimita 40 hivi, ndiyo maana reli za makampuni tofauti huungana. Duara moja linatosha kuanzia. Fundi anaweza kuzichonga, lakini maungio yake yanataka uvumilivu, na mkeka una mistari ya kutosha kwa dereva wa miaka miwili.

Ukinunua ya kiwandani

Bidhaa inayoingia nchini kihalali inapaswa kuwa na stika ya KEBS ya bidhaa za kigeni. Alama ya CE peke yake isikutulize, kwa kuwa kuichapa ni rahisi. Tafuta jina la mtengenezaji na nchi. Boksi lisilo na jina halina wa kumuuliza. Ile picha ya uso wa mtoto ndani ya duara jekundu lililokatwa mstari, yenye 0-3, si nembo ya kampuni kama wauzaji wengine wanavyodhani. Inasema kichezeo hiki si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Futa rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na rangi, rudisha. Angalia chini ya magurudumu, mahali ambapo rangi huishia: kama ndani ni unga uliogandishwa, ile inayoitwa MDF, mate ya mtoto yataivimbisha na rangi itabanduka vipande.

Treni ikishafika kwa mwenyewe, isiloweshwe majini wala kuanikwa juani ikiwa mbichi. Kitambaa chenye sabuni kidogo kinatosha, na mafuta na nta vipakwe tena ikianza kukauka. Mzazi aikague kila mwezi hivi kwa kulivuta kila gurudumu. Ile isiyo na rangi ikichoka inaweza kuishia jikoni pamoja na kuni nyingine. Ile ya zamani yenye rangi isichomwe, hasa katika jiko la kupikia, kwa sababu moto hauui risasi: huitoa kwenye rangi na kuipeleka katika moshi na majivu, na majivu hayo ndiyo watu husugulia sufuria.